Kibanda Kisicho na Msumari

Zamoyoni bin Fikirini alizaliwa Shinyanga mjini, nyuma ya stesheni ya reli, mwaka ambao nzige walikula hata nyasi za mapaa. Hivyo ndivyo mama yake alivyouhesabu, na cheti kingine hakuwa nacho. Babu yake alitoka pwani na misafara, akafika Tabora, akaoa Mnyamwezi, akasahau kurudi. Baba yake akapanda gari moshi kutoka Tabora na sanduku la randa na patasi, akashukia Shinyanga kwa sababu nauli ilikuwa imeishia hapo. Kwa hiyo Zamoyoni alikuwa mtu wa huku na huku: msikitini mara tano, sokoni Kisukuma, nyumbani ugali wa mtama kwa mlenda.

Useremala aliurithi, na pamoja na useremala akarithi neno moja la baba yake: msumari ni uvivu wa fundi. Mzee Fikirini alikuwa akisema hivi. Msumari unaingia kwenye mbao kwa ugomvi, nao hukaa humo kwa ugomvi, mpaka siku unaposhika kutu ukaipasua. Lakini mbao na mbao zikichongwa zikajuana, moja ina ulimi na nyingine ina tundu, halafu ukapitisha kijiti cha mpingo katikati, hizo zimeoana, na kuziachanisha ni mpaka uwaite wazee. Zamoyoni alipokuwa na miaka kumi na miwili alipigilia msumari mmoja kwenye kigoda akidhani hatajulikana. Baba yake hakumpiga. Alikikalia kigoda kile siku nzima bila kumsemesha, na hiyo ilimtosha maisha yake yote.

Basi alitengeneza vitanda vya samadari, makabati, milango na masanduku ya maharusi, na kazi zake zilifika mpaka Mwadui kwa wakubwa wa almasi. Kuna kitanda chake kilipelekwa Nzega kwa lori, kikafunguliwa vipande kumi na saba na kuunganishwa tena na mama mmoja mjamzito peke yake, kwa kisigino cha kiatu. Habari hiyo Zamoyoni aliipenda kuliko malipo.

Halafu vikaja vita vya Uganda, na baada ya vita ukaja ule wakati ambao wengi wanaukumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na misumari hakuna kabisa, si Shinyanga, si Kahama, si Mwanza. Mafundi wote wa mtaa wakakunja mikeka wakahamia kwenye bao. Karakana moja tu ndiyo iliyosikika randa asubuhi mpaka jioni. Zamoyoni hakuwacheka wenzake, hakuwa mtu wa hivyo, ila alikuwa akiimba kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ni wakati huo, Desemba ya mwaka sabini na tisa, Bi Paskalina alipoingia mjini na Landrover ya serikali. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, mtaalamu wa mambo ya ardhi kutoka Dodoma, nywele amesuka, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Alizunguka duka hadi duka akiuliza swali moja, na watu wakadhani anatania: anatafuta fundi wa kujenga kibanda bila kipande chochote cha chuma. Alipofika kwa Jafferali, muuza vifaa vya ujenzi, yule bwana alicheka mpaka akavua miwani.

"Binti, yupo mmoja tu wa hivyo, naye yuko nyuma ya duka langu. Miaka ishirini na mitano tumepakana uani, hajanunua kwangu msumari hata mmoja. Mtu huyu ananitia hasara, naye ananisalimia kila siku!"

Akamwita. Zamoyoni akaja na vumbi la mbao kwenye kope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Bwana Jafferali amekuwa akinisema tena?"

"Anakusifu," alisema Paskalina.

"Namsema!" alisema Jafferali. "Fundi asiye na msumari ni kama kinyozi asiye na wembe. Mchukue, mpeleke mbali."

Paskalina alimweleza wamekaa juu ya gogo, akichora mchangani kwa kijiti. Dunia nzima, mzee, ni sumaku. Ndiyo maana dira inaelekea kaskazini. Lakini nguvu ya sumaku hiyo si sawa kila mahali, na haitulii. Inahama kidogo kidogo mwaka hata mwaka, na hakuna anayeijua vizuri. Sasa Wamarekani wamerusha setilaiti, mwezi wa kumi uliopita, inaizunguka dunia alfajiri na magharibi ikiipima nguvu hiyo kila inapopita. Ila inapita chini sana, hewa inaivuta, haitadumu zaidi ya miezi michache. Na anayepima kutoka juu anahitaji mwenziwe wa kupima kutoka chini, kama watu wawili wanaovuta kamba ya kupimia kiwanja. Mmoja akilegeza, kipimo cha wote wawili ni bure.

"Na chuma?" aliuliza Zamoyoni.

"Chuma kinaidanganya mashine. Msumari mmoja tu karibu na kipimo, na mimi nitakuwa napima msumari, siyo dunia."

"Na hiyo iliyoko juu, haina chuma?"

"Inacho. Ndiyo maana kipimo chake wamekiweka kwenye mkono mrefu, hatua kama saba kutoka kwenye mwili wake."

Zamoyoni aliuangalia ule mchoro wa mchangani. Hata wao, alijiambia. Hata wao walioweza kurusha kitu mbinguni wanakikimbia chuma chao wenyewe. Alijisikia, ndani ya kifua chake cha miaka hamsini, kama mtu aliyekuta ukoo wake umetajwa kwenye barua iliyotoka mbali.

"Nitajenga," alisema.

Mahali palipochaguliwa palikuwa nje ya Masumbwe, upande wa Kahama, mbali na barabara na mapaa ya mabati, mbali pia na vilima vya Geita, maana vile vilima, alisema Paskalina, vina mawe ya chuma chini yake na vingeisumbua mashine. Serikali ya kijiji ilitoa mlinzi wa kusaidia kazi, mzee mmoja Msukuma aliyeitwa Mageni, aliyewahi kuchimba dhahabu upande wa Rwamgasa mpaka mgongo ukamkatalia. Mageni alikuwa na meno manne na maneno mengi. Siku ya kwanza Paskalina alipomwambia avue mkanda, kisu, na viatu vyake vya matairi kabla ya kukaribia mahali pa kazi, kwa kuwa matairi yana nyuzi za chuma ndani, alivua vyote akashika suruali kwa mkono.

"Mayu, mama yangu," alisema, "na haya meno yangu manne, niyaache hapa pia?"

"Meno pita nayo, mzee."

"Afadhali. Ningeyaacha hapa, Zamoyoni angeyafanya vijiti vya kitanda."

Zamoyoni alijenga kwa mninga mkavu aliouchagua mwenyewe. Nguzo kwa boriti, boriti kwa pao, ulimi kwenye tundu, na kila kiungo kijiti cha mpingo. Vijiti vyote pamoja vilikuwa mia mbili na kumi na vinne, alivihesabu akivichonga. Bawaba za mlango zilikuwa za mti, komeo la mti, paa la nyasi lililofungwa kwa kamba za magome ya miyombo. Watu wa kijiji walikuja kuangalia, wakasukuma kuta kwa mabega, kibanda hakikunong'ona. Mwenyekiti alitaka kuwaletea bati mbili kwa heshima ya wageni; wakamshukuru, wakamrudisha nazo.

Katikati ya kibanda ilitakiwa nguzo ya saruji, urefu wa kifua cha mtu, ya kuwekea kipimo. Saruji ililetwa kutoka Dodoma mfuko mmoja na nusu, kwa kibali chenye mihuri mitatu. Mchanga Mageni alikuwa amekwisha kuuchota kwenye korongo la karibu. Zamoyoni aliushika, akausugua kiganjani, akautupa.

"Una udongo huu. Nguzo itakuwa na ufa kabla ya masika. Nataka mchanga uliooshwa."

"Uliooshwa? Kwani ni mchele?"

"Huko kwenu kwa dhahabu si mnaosha mchanga kutwa? Uleteni huo."

Na kweli, lori la pamba lililopita upande wa Rwamgasa liliwaletea mchanga wa waosha dhahabu, msafi, mzito, unaometameta juani. Zamoyoni aliufurahia kama mtu aliyepata kitambaa cha bei. Alimwaga nguzo mwenyewe, akaisugua kwa jiwe mpaka ikawa laini kama shavu. Na Paskalina alipofungua daftari lake la kituo na kuandika kwa wino, *Kibanda na nguzo havina chuma chochote*, Zamoyoni aliomba kalamu, akatia jina lake chini kwa herufi zile kubwa alizofundishwa na mwalimu wa misheni kwa miaka miwili tu: ZAMOYONI FIKIRINI, FUNDI.

Siku iliyofuata Paskalina aliwasha mashine. Ilikuwa kisanduku chenye namba nyekundu, na waya mrefu uliokwenda kwenye chupa ndogo yenye mafuta ya taa ndani. Alipima kwanza nje, penye mti wa alama, hatua ishirini kutoka kibandani, akaandika. Akaingia, akaiweka ile chupa juu ya nguzo, akapima, akaandika. Akatoka tena nje. Akaingia tena. Alifanya hivyo mara sita, na kila mara uso wake ulizidi kukunjamana.

"Mzee Zamoyoni, kuna chuma humu ndani."

"Hakuna."

"Namba za nje na ndani zinatofautiana kwa gama mia moja na themanini, ndicho kipimo cha sumaku. Zisingezidi mbili tatu."

"Binti yangu, mimi nakwambia hakuna."

"Labda mmoja wa vijana wa kijiji alipigilia kitu hukumwona. Labda kipande cha waya kwenye nyasi. Sisemi ni wewe."

"Unasema ni mimi. Kibanda ni changu." Hakupaza sauti. "Chuma kikiwa humu, ni mimi niliyekiweka."

Paskalina alifunga daftari. Alikuwa na safari ya Kahama kutafuta mafuta na kupiga simu Dodoma, na hakuficha mambo: "Nitarudi Alhamisi. Setilaiti haitungoji, mzee. Kama tofauti ipo bado, itabidi niandike kwamba kituo hakifai kwa sababu ya chuma kibandani, tuhamie kwingine kabla haijaanguka. Nakuachia dira yangu hii. Ukikaribia chuma, sindano itayumba."

Gari likaondoka. Zamoyoni alibaki ameshika dira mkononi kama mtu aliyepewa yai la ndege asiyemjua. Hakulala njaa, hakulia. Lakini alijua vizuri kilichokuwa kinamngoja. Daftari lile lingekwenda Dodoma, na kutoka Dodoma lingekwenda kwa wale wenye setilaiti, na watu asiowahi kuwaona wangesoma kwamba kulikuwa na fundi mmoja, Zamoyoni wa Shinyanga, aliyetia jina lake kwamba hakuna chuma, na chuma kikakutwa.

"Tukibomoe," alimwambia Mageni.

"Kibanda kizima?"

"Kizima."

Walianza na paa, wakafungua kila fungu la nyasi na kulipitisha mbele ya dira. Sindano haikutikisika. Wakashusha mapao, wakashusha boriti, wakagonga vijiti vya mpingo kimoja kimoja kutoka kwenye matundu yake, na Zamoyoni alivipitisha vyote, mia mbili na kumi na vinne, kimoja baada ya kimoja, mbele ya ile sindano. Hata kope haikupepesa. Siku mbili walifanya hivyo. Mageni aliacha kutania siku ya pili saa nne, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Jumatano adhuhuri kibanda kilikuwa kimelala kwenye majani vipande vipande, safi. Kilichobaki kimesimama ni nguzo ya saruji, uchi juani. Zamoyoni alikwenda kuiegemea apumue. Dira ilikuwa bado mkononi. Aliposogeza mkono kwenye nguzo, sindano iligeuka, taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Akaurudisha mkono. Sindano ikarudi. Akausogeza. Ikageuka.

Alichukua jiwe akavunja pembe ya nguzo, akaisaga juu ya jiwe jingine, akautandaza unga ule kiganjani. Katikati ya chembe nyeupe kulikuwa na chembe nyeusi, nyingi, nzito, zinang'aa. Mageni alichungulia akatema mate pembeni.

"Aa. Huu mchanga mweusi. Ndio unaobaki karaini mchanga ukishaoshwa, pamoja na dhahabu. Wenye akili wanauvuta kwa sumaku ya redio, dhahabu ibaki peke yake."

Zamoyoni alimgeukia polepole. "Ulijua?"

"Mchanga mweusi naujua tangu sijaota ndevu. Sikujua kwamba nguzo yako inaogopa mchanga."

Wakakaa chini wote wawili. Kisha Mageni akasema, na safari hii hakuwa anatania:

"Sikiliza, ndugu yangu. Mbao zako ni safi. Vijiti safi. Jina lako ni la mbao. Nguzo ni saruji, na saruji ilitoka serikalini kwenye mfuko uliofungwa. Mwambie mayu kwamba saruji ilikuwa na chuma. Nani atakwenda kuuliza kiwandani? Mimi sina mdomo."

"Una mdomo mkubwa kuliko kibanda."

"Kwa hili sina."

Zamoyoni aliangalia vipande vyake vilivyopangwa kwenye majani, kila kimoja na mwenziwe, na kwa mara ya kwanza toka Paskalina aondoke alijiona kifua kinamjaa. Hakuna chuma kwenye mbao! Angeweza kusimama mbele ya mtu yeyote. Angeweza kuishia hapo. Saruji haina mdomo, na maneno ya Mageni yalikuwa rahisi kuyabeba. Ila mchanga hakuuchagua Mageni, wala serikali. Mchanga wa korongo ulikuwepo, umechotwa tayari, na aliyeutupa akataka bora zaidi ni yeye. Mtu akisema kazi ni yake, hawezi kuichukua nusu.

Paskalina aliposhuka garini Alhamisi alikuta uwanja mtupu, fundi amesimama pekupeku kando ya nguzo iliyovunjika pembe.

"Mzee! Kibanda kiko wapi?"

"Kimelala pale, ni kizima, hakina kosa. Chuma kimo kwenye nguzo. Ni mchanga. Niliukataa wa hapa nikataka ule wa Rwamgasa, nao una chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku. Nilitia jina langu kwenye jambo nisilolipima. Kosa ni langu, Bi Paskalina, si la mwingine."

Yule binti alichuchumaa akapitisha vidole kwenye ile pembe. Kisha akaanza kucheka, akajifunika uso kwa mikono.

"Mimi nimesomea mawe miaka minne, mzee wangu. Minne! Na fungu la mchanga huo nililikalia nikila muhogo, nikakusifu kwamba una jicho zuri."

"Ulinisifu kweli," alisema Zamoyoni.

"Basi tumekosa wawili."

"Wewe hukutia jina."

Paskalina alitoa daftari akashika ule ukurasa apate kuuchana waandike upya. Zamoyoni akamzuia kwa kiganja. "Usichane. Piga mstari juu ya maneno yake, yabaki yanasomeka, uandike pembeni mchanga ulikuwa na chuma, fundi ndiye aliyeuchagua. Halafu tuache nafasi chini." Paskalina alimwangalia kidogo, akapiga mstari.

Shida ikawa saruji. Kibali kingine kingechukua miezi mitatu, na setilaiti haikuwa na miezi mitatu ya kupoteza. Zamoyoni alikohoa, akasema kwamba ipo mifuko miwili anayoijua. Iko Shinyanga. Iko uvunguni mwa kitanda chake.

Mifuko ile ilikuwa ya sakafu ya mke wake. Nyamizi aliisubiri miaka miwili, akaipata kwa foleni, akaifunika kwa mkeka na kuiita wanangu. Alipoona mumewe anashuka kutoka kwenye gari la serikali na msichana wa suruali, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Karibuni. Baba Mwaisha, umekonda. Na huyu mgeni?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaeni, nichemshe chai. Sukari hakuna."

Zamoyoni alieleza yote amesimama, hakuruka kitu. Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," alisema, "jina lako litembee kwenye vitabu vya watu, na miguu yangu ibaki vumbini."

"Ndivyo ilivyo, Mama Mwaisha."

"Miaka ishirini na minane nalala kwenye kitanda chako, hakijawahi kulia. Watu wakiniuliza mume wangu ni nani, nawaambia waje wakikalie. Sasa wasomaji wa Dodoma nao wanataka kujua?" Akachochea moto. "Chukua mfuko mmoja."

Zamoyoni alikwenda kuuvuta. Alipokuwa ameinama, sauti ikamfuata: "Chukua yote miwili. Sakafu ya nusu ni aibu kuliko vumbi. Lakini ukikosea mara ya pili, usirudi hapa, kalale kwenye hicho kibanda."

"Atarudi, mama," alisema Paskalina.

"Wewe mwanangu kunywa chai."

Safari hii mchanga ulitoka kwenye kijito kimoja cha mawe meupe, mwendo wa nusu siku. Mageni alileta sumaku aliyoing'oa kwenye redio yake iliyokufa, na kila ungo wa mchanga uliooshwa ulipitishiwa sumaku ile mara tatu, na Zamoyoni akaupitishia dira mara ya nne. Walichanganya kwa mwiko wa mti juu ya jamvi. Wanakijiji waliokuja kusaidia waliona ajabu, wazee wawili wakipepeta mchanga kama mtama wa mbegu. Nguzo ya zamani waliivunja, wakaibeba vipande mpaka mbali. Mpya ilimwagwa, ikanyweshwa maji siku saba chini ya magunia. Kibanda kikasimamishwa tena kuizunguka, kijiti kwa kijiti, bila kubadilishwa hata kimoja. Kilichukua siku moja na nusu.

Asubuhi ya kupima, mwezi wa Machi, mbingu ilikuwa safi baada ya mvua. Walitoka kijijini jogoo wa pili, wote pekupeku, bila mkanda, bila ufunguo. Mageni alijifunga kipande cha katani. Jua lilikuwa bado halijachomoza ila upande wa mashariki ulishaanza kuwa wa majivu, na majani yalikuwa na umande unaouma vidole vya miguu. Nyamizi naye alikuwepo. Alikuja na basi la Kahama, akasema ametaka kuona sakafu yake.

Paskalina alipima nje, akaandika. Akaingia kibandani. Zamoyoni hakuingia. Alisimama mlangoni ameshika mwimo wa mninga, si kwa kuegemea.

"Nje ilikuwa elfu thelathini na tatu, mia nne na themanini na sita," Paskalina alisema kutoka ndani. Kisanduku kikalia kidogo. Kikanyamaza. "Ndani, elfu thelathini na tatu, mia nne na themanini na saba."

"Mara ya pili," alisema Zamoyoni.

Paskalina alipima mara ya pili, na ya tatu, na ya sita, akitaja tofauti. Moja. Mbili. Moja. Alitoka akaenda kuitazama saa yake ya kutia ufunguo, aliyokuwa ameiacha mbali juu ya jiwe, akainua kidole wanyamaze. Paskalina alirudi ndani mbio, akawa anasoma namba na kuandika, namba na kuandika, na huku nje wale watatu wakainua nyuso juu. Hakukuwa na kitu. Nyota mbili za mwisho, na kunguru mmoja.

"Iko wapi?" Mageni alinong'ona.

"Inapita," Paskalina alijibu kutoka ndani. "Sasa hivi. Haionekani, lakini inapita."

"Inatuona?"

"Inapima ninachopima mimi."

Ilipokwisha kupita alitoka na daftari wazi, akalishika mbele ya Zamoyoni kwenye ile nafasi waliyoiacha. Maandishi yalikuwa yale yale: kibanda na nguzo havina chuma chochote. Zamoyoni alifuta kiganja kwenye shuka, akatia jina pole pole, herufi kubwa kubwa, chini ya lile la kwanza lililopigwa mstari. Nyamizi alisimama nyuma ya bega lake. Hakujua kusoma, lakini umbo la jina hilo alilijua, lilikuwa limechongwa chini ya kitanda chake.

"Binti yangu," alisema Zamoyoni, "ile namba ya ndani. Isome tena, mama huyu aisikie."

Paskalina akaisoma tena.